Maswali ya Wasomaji: Shati, Sketi na Maneno ya Ufupi ya Kiingereza

Toleo lililopita kuna msomaji aliuliza kama neno la Kiingereza "short", yaani fupi, lina undugu na zile "shorts" tunazovaa, nikamjibu kwa mistari miwili kwamba ndiyo, kaptula imeitwa hivo kwasababu ni suruali fupi, basi. Nilidhani tumemaliza. Toka hapo meseji hazijakatika, kila mtu kakumbuka neno lake la ufupi linalomsumbua, wa jikoni, wa kwenye kwaya, wa sheli, kwahiyo leo ukurasa mzima tumewapa wao.

Shkamoo mjomba. Mi ni fundi cherehani hapa Tanga, mwaka wa 14 huu. Wiki iliyopita kuna mteja, mwalimu wa Kiingereza, kaleta kitambaa mita 4, anataka shati la mumewe na sketi yake vitoke humohumo, afu akasema eti shati na sketi ni neno moja. Nikambishia mbele za watu. Nani mkweli? (Fundi, Tanga)

Marahaba fundi. Mwalimu ni mkweli, na ukiweza mtafute umwambie, maana hili jambo ni tamu na wewe ndo mtu wa kulielewa kuliko wengi, kwasababu linaanzia kwenye mkasi.

"Shirt" na "skirt", ambayo sisi tumeyafanya shati na sketi, yametoka kwenye mzizi mmoja wa zamani sana wenye maana ya kukata. Na "short" yenyewe imetoka hapohapo. Yaani kwa wale watu wa kale kitu kifupi kilikuwa ni kitu kilichokatwa, hawakuwa wanaona ufupi kama umbo tu limekaa hivo, waliona kuna kipande kimetolewa. Shati lilikuwa nguo iliyokatwa fupi, tofauti na joho la kuburuza chini. Sasa angalia na ndugu wengine wa ukoo huo: "shears" ni mkasi mkubwa kama huo wako wa kukatia vitambaa, "share" ni fungu lililokatwa la mtu, ndo maana hisa za kampuni zinaitwa hivo, na "score" ilikuwa alama inayokatwa kwa kisu kwenye kijiti wakati wa kuhesabu mifugo au deni, leo tunaisikia kwenye mpira. Ukoo wote una makali mkononi.

Sasa swali lako la pili, ambalo hujaliuliza ila najua utaliuliza: kama ni neno moja, kwanini yako mawili? Hapa kuna historia. Kiingereza cha kale kilikuwa na tabia ya kulainisha sauti ya "sk" kuwa "sh", ndo tukapata "fish", "ship", "shoe", na "shirt" ikiwemo. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 8 wakaja Waviking kutoka Denmark na Norway, wakapiga vita, afu wengi wakabaki, wakalima, wakaoa mashariki na kaskazini mwa Uingereza. Lugha yao ilikuwa ndugu wa karibu wa Kiingereza ila wao "sk" yao waliiacha ngumu vilevile, na ndo walioacha maneno kama "sky", "skin" na "skill". Nguo ya juu wao waliiita "skyrta". Kwahiyo ghafla mtaa mmoja una maneno mawili kwa nguo moja, mwenyeji anasema hivi na mgeni anasema vile, na lugha haipendi kubeba vitu viwili vinavyofanya kazi moja, ikavigawa. La mwenyeji likabaki juu begani, la Waviking likateremka likawa la kuanzia kiunoni kwenda chini.

Hebu fikiria meza yako siku ile. Kitambaa kimoja, mita 4, umekitandika, umepiga chaki, mkasi unapita katikati, upande huu shati upande ule sketi. Neno nalo lilikatwa hivohivo, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mi nilipolijua hili mara ya kwanza nilikaa nalo siku nzima.

Asalaam aleikum ndugu yangu. Mimi naoka nyumbani na kuuza, Mombasa. Kwenye mapishi ya Kiingereza naona wanaandika "shortening" nami najua wamaanisha mafuta magumu ya kuokea. Ufupi uko wapi kwenye mafuta? (Mama nankatai, Mombasa)

Waaleikum salaam mama. Ufupi upo, ila hauko kwenye mafuta, uko kwenye unga, na wewe unaugusa kila siku kwa vidole.

Unga wa ngano ukikutana na maji unatengeneza nyuzi, ndo hizo wataalamu wanaziita glutini. Ukikanda zinazidi kurefuka na kushikana. Chapati unaisukuma, unaivuta, unaizungusha, unaisukuma tena wala haikatiki, kwasababu nyuzi zake ni ndefu. Sasa weka samli kwanza kwenye unga mkavu usugue kwa vidole mpaka uwe kama mchanga mbichi, kama unavyofanya nankatai. Samli inazivika zile chembe za unga, maji hayapati njia ya kuingia vizuri, nyuzi zinabaki vipande vidogovidogo haziungani. Nankatai ikitoka kwenye oveni ukiibana kidogo tu inavunjika, inamwagika kinywani, haivutiki hata kidogo. Waingereza kitu cha kuvunjika namna hiyo wamekiita "short" tangu karne ya 15, na mafuta yanayofanya kazi hiyo wakayaita kifupisho, "shortening". Hiyo ndo maana ya neno kwenye ule mkebe.

Na ndo maana biskuti maarufu ya Scotland inaitwa "shortbread" wakati si mkate na wala si fupi kwa kuiangalia. Kipimo chake cha asili ni rahisi, sukari fungu moja, siagi mafungu mawili, unga mafungu matatu. Ukiitazama hiyo hesabu mama utaona ni shangazi yake nankatai kabisaa, tofauti ni hiliki na samli. Naona uchungu kidogo kwamba kule imepewa makopo mazuri ya kuuzia watalii na nankatai yetu bado inauzwa kwenye karatasi ya nailoni, ilhali kazi ya mikono ni ileile.

Bwana Yesu asifiwe. Nafundisha kwaya Moshi, tunaimba kwa sol-fa ila vijana wameanza kujifunza noti za mistari. Kwenye kitabu kuna noti inaitwa "breve", nikaambiwa maana yake ni fupi, lakini ndo ndefu kuliko zote, mapigo 8! Vijana wanadhani nimekosea. Nisaidie. (Mwalimu wa kwaya, Moshi)

Amina mwalimu. Hujakosea, na jina halijakosea pia, kilichotokea ni kwamba muziki ulikimbia likabaki jina.

"Breve" imetoka kwenye neno la Kilatini "brevis", fupi. Wakati ule wa karne ya 13 huko Ulaya waimbaji wa kanisa walikuwa wanahangaika namna ya kuandika urefu wa sauti, si sauti ya juu au ya chini tu bali ikae muda gani. Walikuwa na noti ndefu wakaiita "longa" na noti fupi wakaiita "brevis". Yuko mtaalamu anaitwa Franco wa Cologne, kwenye miaka ya 1280 hivi alizipangia sheria vizuri, na chini ya brevis akaweka "semibrevis", nusu ya fupi. Mambo yakawa sawa, fupi ilikuwa fupi kweli.

Afu karne ya 14 watu wakataka kuimba vitu vyenye mwendo wa haraka zaidi, sauti nyingi ndani ya pumzi moja, wakaongeza noti nyingine ndogo zaidi wakaiita "minima", yaani ndogo kuliko zote, wakiamini hapo ndo mwisho, hakuna kitakachoingia chini yake. Wapi! Zikaja nyingine chini yake, na nyingine, na kila inapokuja mpya zile za zamani zinasukumwa juu, zinaimbwa polepole zaidi ili zile ndogo zipate nafasi. Leo "minim", ile ndogo kuliko zote, ina mapigo 2. Semibreve, nusu ya fupi, ina mapigo 4 na ndo ndefu unayoiona kwenye nyimbo nyingi. Breve ina 8 na karibu haionekani, ila kwenye zaburi na tenzi za zamani. Longa imeshakufa.

Na huku chini mambo yakawa kinyume chake. Kwa Waingereza noti ya robo ni "crotchet", ya nane ni "quaver", ukiigawa unapata "semiquaver", ukigawa tena "demisemiquaver", ukigawa tena ile ya 1 kwa 64 inaitwa "hemidemisemiquaver", herufi 18 kwa sauti ambayo ukipepesa jicho imeshapita. Hizo "hemi", "demi" na "semi" zote tatu maana yake ni nusu, moja ya Kigiriki, moja ya Kifaransa, moja ya Kilatini, walipoishiwa nusu za lugha moja wakaazima kwa jirani. Waandikie vijana ubaoni neno zima, wataje kwa sauti huku wanapiga makofi, afu wapigie noti yenyewe. Hawatasahau.

Mambo kaka! Bibi yangu akiniona nimevaa kimini ananiambia zamani ningekamatwa. Ni kweli au ananitisha? Na hilo neno mini limetoka wapi? (Dada wa Mwanza)

Poa dada. Bibi hakutishi. Oktoba 1968 umoja wa vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969, dhidi ya vimini, mawigi, mafuta ya kujichubua, suruali za kubana na vinginevyo walivyoviona si utamaduni wetu, na Dar es Salaam kulikuwa na vurugu, wasichana walivamiwa na makundi ya vijana barabarani na kwenye mabasi hata kabla ya hiyo tarehe. Magazeti ya siku zile yalijaa barua za wasomaji wakibishana, wengine wakiuliza kama kimini ni ukoloni basi suti na tai ni nini. Uganda nako Idi Amin alipiga marufuku mwaka 1972. Mimi nasimama na wale wasichana, naomba niliseme hili wazi, nguo fupi haijawahi kuwa sababu ya kumpiga mtu, na bibi yako akikusimulia siku hizo mkalie chini umsikilize maana aliziona kwa macho yake.

Sasa neno. Sketi fupi zilishika kasi London katikati ya miaka ya 1960, na mbunifu Mary Quant aliyekuwa na duka lake mtaa wa Chelsea alisema mwenyewe jina alilitoa kwenye gari alilolipenda, ile Mini iliyotoka mwaka 1959, kigari cha urefu wa mita 3 na kidogo kilichokuwa kinabeba watu wanne. Kwahiyo sketi imerithi jina la gari, na gari limelitoa kwenye "miniature", kitu kidogo.

Hapa ndo pananifurahisha. "Miniature" mwanzoni haikuwa na uhusiano wowote na udogo! "Minium" ni rangi nyekundu ya madini ya risasi, ile waliyotumia waandishi wa vitabu vya mkono zamani kupamba herufi za mwanzo na vichwa vya habari. Kupaka rangi hiyo Waitaliano waliita "miniare" na picha iliyopakwa ni "miniatura". Picha za ndani ya vitabu kwa kawaida ni ndogo, na kuna maneno ya Kilatini kama "minor" na "minimus" yanayohusu udogo kweli na yanafanana nayo, watu wakachanganya, wakaamini miniatura maana yake ni kidogo, na ikawa. Neno la rangi nyekundu limegeuka neno la ufupi kwa kufanana sura tu na jirani.

Na sisi tukaliongezea. Tulipolipokea tuliliweka "ki" mbele, ile "ki" ya kitoto na kijiti ambayo tayari inaonyesha udogo. Kwahiyo kimini ni kifupi mara mbili dada, mara moja kwa Kizungu na mara moja kwa Kiswahili.

Kaka habari. Nafanya kazi sheli, jioni tukifunga hesabu hela ikipungua tunasema nimepata shoti, na fundi umeme naye akija anasema kuna shoti. Shoti moja au mbili? (Wa pampu namba 3, Morogoro)

Nzuri kaka, pole na kazi. Mzizi mmoja, matawi mawili. Ya kwako imetoka kwenye "short" ya pungufu, hela imeshindwa kufika pale ilipotakiwa kufika, fupi kwa elfu kadhaa. Ya fundi ni "short circuit", umeme umepata njia ya mkato, badala ya kupita kwenye taa au pasi ukafanye kazi ndo urudi, waya mbili zimegusana mahali umerudi moja kwa moja bila kazi yoyote, na kwasababu hakuna cha kuuzuia unapita mwingi mno, waya unachemka, plastiki inayeyuka, ndo nyumba zinaungua. Fyuzi ipo kwa ajili hiyo tu, yenyewe ife kwanza. Na hiyo shoti yako ya jioni, kama wanakukata mshahara bila kuangalia kwanza mita ya pampu na risiti za kutwa, omba hesabu irudiwe mbele yako kabla hujasaini. Ni haki yako kuomba.

Naitwa mwanafunzi wa sheria mwaka wa kwanza. Faili la kesi kubwa kabisa, kurasa 300, wakili analiita "brief". Na begi lake "briefcase". Na chupi za kiume dukani zimeandikwa "briefs". Nimechoka. (Dar es Salaam)

Usichoke mdogo wangu, ni "brevis" yuleyule wa kwenye kwaya. Uingereza wakili anayesimama mahakamani alikuwa anapewa na mwenzake wa ofisini muhtasari mfupi wa kesi ya mteja, ndo "brief", afu miaka ikapita muhtasari ukanenepa jina likabaki jembamba. Begi la kubebea hizo karatasi ndo brifkesi. Na chupi: tarehe 19 Januari 1935 duka moja kubwa la Chicago liliweka dirishani aina mpya ya chupi za kiume zisizo na miguu, mtindo wa Jockey, siku yenyewe kulikuwa na dhoruba ya theluji na baridi kali na bado zikagombaniwa. Waliziita hivo kwasababu wanaume wa kule kipindi hicho walivaa za kufika magotini au zaidi. Ufupi ni wa kulinganisha, daima muulize neno lilikuwa limesimama karibu na nani.

Mhariri, nimefundisha Kiswahili na Kiingereza Dodoma miaka 31, nakaribia kustaafu. Vijana wananiumiza moyo. Insha inaandikwa "cjui", "xaxa", "2po", "bdae", na kwenye Kiingereza ni hivohivo, "u" na "r" na sasa kuna "rizz" ambayo wala sielewi ni mdudu gani. Je lugha hazifi namna hii? Niwaambie nini? (Mwalimu, Dodoma)

Shikamoo mwalimu. Barua yako nimeisoma mara tatu maana mimi ni mtoto wa walimu wa aina yako, na najua kalamu nyekundu inavyochosha mkono usiku taa ya chemli ikiwa karibu kuisha mafuta. Nitakujibu kwa kirefu kidogo.

Hofu yako ina wenzake wa zamani sana. Mwaka 1710 mwandishi Jonathan Swift aliandika kwenye gazeti la London akilalamika kwamba vijana wa mjini wanakata maneno, wanabakiza silabi ya kwanza wanatupa zingine. Alitoa mifano, mmojawapo ni "mob", ambayo ilikatwa kutoka maneno mawili ya Kilatini, "mobile vulgus", umati unaoyumbayumba. Mwingine ni "pozz", ambayo ilikatwa kutoka "positive". Swift hakuwa mtu mdogo, alisikilizwa, lakini "pozz" ilikufa yenyewe na "mob" iko mpaka leo kwenye kamusi zote na imevaa suti. Hakuna aliyekaa akachagua, matumizi ndo yaliyochagua.

Sasa mwalimu, ulifikaje shuleni asubuhi? Kama ni kwa basi, umepanda neno lililokatwa vibaya kuliko "xaxa". Mwaka 1829 jamaa anaitwa George Shillibeer alianzisha London gari la kukokotwa na farasi watatu, abiria 22, kutoka Paddington hadi Bank, likaitwa "omnibus", Kilatini cha "kwa ajili ya wote". Watu wakakata. Na walichobakiza, "bus", hakina maana yoyote peke yake, ni kimkia cha sarufi tu, kama vile mtu achukue neno letu "wanafunzini" atupe yote abaki na "ni" aseme anapanda ni. Sisi tukakipokea kimkia hicho, tukakivisha "i" mwishoni, tukakipa wingi, mabasi, na leo kwenye mtihani mwanafunzi akiandika basi unampa alama zake zote. Na ile minibasi, hapo juu nimemweleza dada wa Mwanza, nusu yake ni rangi nyekundu na nusu yake ni mkia wa neno.

Hiyo "rizz" ni "charisma", mvuto wa mtu, wamekata kichwa wamekata na mkia wakabaki na katikati, kamusi ya Oxford ililichagua kuwa neno la mwaka 2023. Ukataji wa namna hiyo si mpya, "fridge" ni katikati ya "refrigerator" na "flu" ni katikati ya "influenza", na friji unalo nyumbani. Hata ile "OMG" ambayo naamini umeiona kwenye madaftari si ya watoto wa simu, iliandikwa kwenye barua ya tarehe 9 Septemba 1917 na amiri wa jeshi la majini la Uingereza, Lord Fisher, mzee wa miaka 76, akimwandikia Winston Churchill.

Na sisi mwalimu tulikata tangu enzi, tena kwa adabu. Mkewe ni mke wake, mwanangu ni mwana wangu, nduguye, mwenzio. Unavifundisha wewe mwenyewe na ni vizuri, mashairi yetu yasingekaa kwenye mizani bila hivo.

Ila sikwambii uache kalamu nyekundu, hapana. Kuna tofauti ya mtu anayekata kwasababu anajua nguo nzima ilivyo na mtu ambaye hajawahi kuiona nguo nzima, na huyo wa pili ndo anayenitisha hata mimi. Vijana walianza "cjui" kwasababu meseji ilikuwa na nafasi 160 tu na kila moja inakula salio, ukizidisha herufi moja unalipa mbili. Hiyo 160 iliwekwa katikati ya miaka ya 1980 na mhandisi Mjerumani Friedhelm Hillebrand, alikaa na mashine ya taipu akaandika sentensi za kawaida akahesabu herufi, akaona nyingi haziifikii. Insha haina salio. Waambie hivo, kwenye simu kata utakavyo, kwenye karatasi yangu nataka "sijui" yenye meno yake yote.

Na ukitaka kipindi kizuri cha mwisho kabla hujastaafu, fanya hivi. Meseji ya kwanza kabisa duniani ilitumwa tarehe 3 Desemba 1992 huko Uingereza na kijana wa miaka 22, Neil Papworth, kwa kompyuta kwasababu simu zenyewe zilikuwa bado haziwezi kuandika. Aliandika maneno mawili, "Merry Christmas". Yaandike ubaoni. Afu waambie hiyo "merry" tunayoitafsiri heri au furaha, ukiifuata mpaka kwenye mizizi yake ya kale kabisa wanaisimu wanaikuta kwenye neno lenye maana ya fupi, ni nduguye yule "brevis" wa Kilatini, kwa hoja kwamba muda wa furaha huwa unaonekana mfupi, unafumba jicho umeisha. Neno la kwanza la meseji fupi ya kwanza lenyewe lilikuwa fupi, na aliyelituma hakuwa anajua. Wape dakika 10 kila mmoja atafute neno moja la nyumbani kwao lililokatwa, aje aliandike kwa urefu wake wote. Wakimaliza mwalimu nitumie hayo maneno, nitayachapa hapa.